Mafunzo Matano Niliyopata kwa Mafuta ya Karafuu

Nilipoingia maabara na chupa ya mafuta ya makonyo ya karafuu kutoka Pemba, nilidhani nusu ya kazi ya kuyajaribu kwenye seli za saratani imeshaisha. Haukupita mwezi, mafuta yale yakanitoa ushamba.

1. Mafuta na maji hayalazimishwi

Seli za saratani tunazilea ndani ya majimaji ya lishe, kwenye joto la nyuzi 37. Nilipodondosha mafuta, yalizama yakatulia chini kama shanga, maana ya karafuu ni mazito kuliko maji. Sharti yayeyushwe kwanza kwenye kiyeyushi kiitwacho DMSO. Nayo DMSO ikizidi huua seli, hivyo kwenye sahani ya majaribio lazima viwepo visima vya kulinganishia vilivyotiwa hiyo peke yake.

2. Harufu nayo ni dozi

Sahani yetu ina visima 96, kila kimoja kidogo kama punje ya hindi. Siku moja nilikuta seli zimekufa hata kwenye visima ambavyo sikuvitia mafuta. Mvuke ulikuwa umehamia kwa jirani! Sasa dozi kubwa naziweka mbali na visima vya kulinganishia, na sahani naifunika kwa utando.

3. Rangi hudanganya

Kipimo cha MTT ni cha manjano. Seli hai hukigeuza kuwa zambarau. Basi dozi kubwa kuliko zote ikanipa zambarau iliyokolea. Nikadhani seli ni sugu, mpaka nilipochungulia kwenye hadubini: zimesinyaa, zimebanduka. Kumbe baadhi ya kemikali za mimea hukigeuza kipimo hicho bila msaada wa seli. Tangu hapo sikosi kisima chenye mafuta na MTT, bila seli.

4. Kuua ni rahisi, kubagua ndiko kugumu

Hata jiki huua saratani kwenye sahani. Ndiyo maana kando ya seli za saratani za HeLa, zilizotoka kwa mgonjwa Henrietta Lacks mwaka 1951, tunaweka seli za kawaida. Kwenye grafu yangu ya kwanza mistari miwili ilikaribia kulaliana: dozi iliyoangusha nusu ya hizi iliangusha nusu ya zile. Nilikuwa nimepata sumu.

5. Chunga mdomo wako

Vinkristini, dawa ya saratani, ilitoka kwenye ua la vinka lenye asili ya Madagaska. Lakini mgonjwa hatafuni ua. Hupewa kemikali moja iliyotengwa, ikajaribiwa, dozi yake ikajulikana.

Shangazi aliniomba chupa ya mafuta ampelekee jirani mwenye uvimbe kwenye titi.

"Si wewe uliyesema yanaua saratani?"

"Yanaua kwenye sahani, shangazi. Akinywa mengi yatamuumiza ini. Mpelekeni hospitali kesho asubuhi."

Alininyamazia kidogo, kisha akauliza nauli. Siku hizi nikiulizwa kazi yangu, sisemi natafuta dawa ya saratani. Nasema napima mafuta.