Kiti Chako na Kiuno Chako

Leo tuzungumzie maumivu ya kiuno kwa sisi tulio hapa Doha: walinzi wa getini, madereva wa teksi, makarani wa ofisini. Kijana mmoja mlinzi aliniambia, "Dada, nakaa masaa 12, halafu watu wanasema kazi yangu nyepesi!" Nilipokiona kiti chake, cha plastiki, kimebonyea katikati, sikushangaa.

Kwa nini kukaa kunaumiza? Ukikaa, nyonga hulala nyuma na ule mkunjo wa kawaida wa kiuno hunyooka. Mzigo huziangukia diski, yaani mito laini iliyo kati ya pingili za uti wa mgongo. Miaka ya 1960 daktari wa Sweden, Alf Nachemson, alipima kwa sindano mgandamizo ulio ndani ya diski. Vipimo vya Ujerumani vya 1999 vilitofautiana naye katika baadhi ya mambo, lakini vyote vilikubaliana hivi: kukaa umeinama mbele huongeza mgandamizo, na kuegemea nyuma huupunguza.

Sasa pima kiti chako:

1. Nyayo zikanyage chini zote. Kiti kikiwa kirefu, weka boksi gumu chini ya miguu.
2. Kati ya ukingo wa kiti na nyuma ya goti vipite vidole viwili au vitatu. Kiti kikiwa na kina kirefu, weka mto mgongoni.
3. Kunja taulo, iweke usawa wa mkanda wa suruali, kisha egemea. Dereva naye afanye hivyo hivyo.
4. Kompyuta: ukingo wa juu wa kioo uwe usawa wa macho.

Hata kiti cha bei mbaya hakisaidii ukikaa bila kusogea. Kila nusu saa simama, tembea hatua chache. Kama huwezi kuondoka lindoni, simama hapo hapo ujinyooshe.

TAHADHARI: ukipata ganzi sehemu za siri, ukishindwa kuzuia au kutoa mkojo, au miguu ikalegea ghafla, usinywe panadol ukalala. Piga 999 au nenda hospitali saa hiyo hiyo, maana ukichelewa unaweza kupooza.

Ndugu zangu, tumekuja huku kutafuta, na nyumbani wanatutegemea. Mgongo ndio mtaji wetu. Tuutunze.

Tukutane tena panapo majaliwa.