Pembetatu Ndani ya Kamera

Asubuhi, kabla mawingu hayajapanda, mtu aliye Meru mjini huuona Mlima Kenya upande wa magharibi, kusini kidogo. Aliye Embu huuona kaskazini, magharibi kidogo. Mlima haujasogea, tofauti imeletwa na mahali waliposimama watazamaji. Kati ya miji hiyo miwili, kwa mstari ulionyooka, pana takriban kilomita 68. Chora mstari kutoka kila mji kuufuata mlima, na mistari hiyo itakutana kwenye kilele cha Batian kwa pembe inayokaribia digrii 98. Ukishajua urefu wa kitako cha pembetatu na pembe mbili zilizo kwenye ncha zake, pande zilizobaki unazipata kwa hesabu tu: kilomita 45 hivi kutoka kila mji. Hakuna aliyelazimika kuburuta kamba msituni.

Kamera ya kipima-umbali hufanya kazi iyo hiyo, ila Meru yake na Embu yake ni vidirisha viwili vya usoni vilivyoachana kwa sentimita 7 hivi. Kamera ya kwanza ya kidijitali ya aina hii ilikuwa Epson R-D1, mwaka 2004. Leica M8 ikafuata 2006, na hiyo ndiyo ninayoizungumzia, kwa kuwa sasa huuzwa kama mtumba.

Ukiiweka jichoni mara ya kwanza utashangaa kwamba kila kitu kinaonekana wazi, cha karibu na cha mbali. Sababu ni kwamba hutazami kupitia lenzi. Unatazama kupitia kidirisha kilicho juu yake. (Ndiyo maana unaweza kubonyeza kitufe kifuniko kikiwa bado kwenye lenzi, na jicho lako lisishuku lolote.) Katikati ya kidirisha hicho pana kiraka kidogo chenye mwanga, na ndani yake unaona picha mbili za kitu kimoja: moja imeingia kwa kidirisha hiki, nyingine kwa kile cha pili. Zungusha pete ya lenzi. Lenzi inatoka au kurudi ndani, nyuma yake inasukuma mkono mdogo wenye gurudumu, na mkono huo unasogeza kipande cha kioo mpaka picha mbili zilaliane. Zikilaliana, pembetatu imefunga na fokasi imekaa.

Sasa tuipime pembe yenyewe. Mtu aliye mita 1 mbele yako hufanya pembe ya digrii 4 kati ya vidirisha viwili. Akirudi hadi mita 10, imebaki digrii 0.4. Batian, ukiwa Embu? Igawe digrii moja mara 3,600, kisha chukua kama theluthi ya kipande kimoja. Jicho zima la binadamu hutenganisha vitu vilivyoachana kwa sehemu moja ya 60 ya digrii, basi hapo halina lake. Kwa kamera hii, Batian na mwezi viko mahali pamoja.

Unaweza kudhani huo ni udhaifu, mpaka uiulize lenzi inahitaji nini. Chukua lenzi ya milimita 50. Ili kutoka kwenye umbali usio na mwisho hadi kitu kilicho mita 1, husogea mbele milimita 2.6. Kwa mita 10, ni robo tu ya milimita. Kwa kilomita 45, haifikii hata sehemu moja ya elfu kumi ya milimita, ilhali pikseli moja ya M8 ina upana wa milimita 0.0068. Umbali ukizidi mara kumi, pembe hupungua mara kumi, na mwendo wa lenzi nao karibu mara kumi. Vidirisha hupoteza uwezo wa kupima palepale ambapo lenzi haihitaji tena kipimo. Kwa hiyo sentimita 7 zinatosha.

Ndiyo maana, kabla ya kulipa, ni vizuri kuielekeza kamera mlimani. Zungusha pete hadi kwenye umbali usio na mwisho. Ukiona Batian mbili ubavu kwa ubavu, mkono wa ndani umetoka kwenye kipimo. Moja ikiwa juu na nyingine chini, kioo kimeinama. Kisha jaribu kope za mtu aliye mita 1, lenzi ikiwa wazi kabisa, maana kosa dogo huonekana hapo kwanza. Filamu ilikuwa na unene wake na ilisamehe kidogo. Kihisi ni bapa, na kwenye skrini utaikuza picha mpaka kosa lijitokeze.

M8 ina jambo jingine. Lenzi zake hukaa karibu sana na kihisi, hivyo miali ya pembeni hukifikia kwa kulala. Kioo kinene juu ya kihisi kingeivuruga, kwa hiyo waundaji wakaweka chembamba, na miali ya infraredi ikapenya. Vitambaa vingi vyeusi vya poliesta huakisi miali hiyo, na suti nyeusi ya bwana arusi hutoka zambarau. Leica iliwapa wanunuzi wa kwanza vichujio viwili bure; muulize muuzaji viko wapi. Kama hana, punguza bei, au piga picha za nyeusi na nyeupe, ambazo hazina zambarau ya kumwaibisha bwana arusi.