SOMO LA AFYA: JINSI YA KUPIMA MAJI YA MTO UPITAO MJINI

Mtu akishikwa na homa, mganga hamwambii tu, "U mgonjwa." Humtia kipimajoto, humshika mshipa, huuliza homa ilianza lini, kisha huandika yote. Kesho yake hupima tena, apate kujua kama dawa inamfaa. Na mto upitao mjini hauna budi kutunzwa vivyo hivyo. Kusema "maji haya ni machafu" kila mtu aweza. Lakini neno hilo halionyeshi uchafu umetoka wapi, wala kama unazidi au unapungua.

Na tuuchukue Mto Nairobi uwe mfano wetu. Mto huu huanza katika kinamasi cha Ondiri, karibu na Kikuyu, ukapita mjini kandokando ya Gikomba na Korogocho, na kando ya jaa kubwa la taka la Dandora. Mto Mathare na Mto Ngong huingia humo, kisha maji yote hujiunga na Mto Athi. Athi nao, ambao mbele huitwa Galana na mwisho Sabaki, huingia baharini karibu na Malindi. Basi kitupwacho mtoni Nairobi si shauri la watu wa Nairobi peke yao.

Jambo la kwanza ni kuchagua mahali. Chupa moja haitoshi. Kama bomba lamwaga maji taka mtoni, chota maji juu ya bomba lile, kisha chota chini yake, mahali ambapo maji yamekwisha changanyika. Tofauti ya chupa hizo mbili ndiyo ushahidi. Mwenye bomba hataweza kusema kwamba uchafu wote ulitoka kwa jirani wa juu.

Jambo la pili ni kuchota vema. Vaa mipira ya mikono. Simama ukielekea maji yatokako, ili tope unalolikanyaga lisiingie chupani. Chupa ya kupimia vijidudu hutoka maabara ikiwa imesafishwa kwa joto kali. Usiisuuze mtoni, wala usiguse mdomo wake. Itie katika sanduku la barafu, na yafaa ifike maabara kabla ya saa 6 kupita. Andika mahali, tarehe, saa, na kama mvua ilinyesha. Mvua huosha taka za njiani na vyooni zikaingia mtoni. Na wakati wa ukame maji hupungua, uchafu wa mabomba ukakolea. Kwa sababu hii yapasa kupima majira yote.

Jambo la tatu ni vipimo vyenyewe. Papo hapo mtoni hupimwa joto, asidi, na hewa ya oksijeni iliyoyeyuka majini. Samaki huvuta hewa hiyo, na vijidudu vinavyoozesha taka huitumia pia. Taka zikizidi, hewa hupungua, hata samaki wakafa. Maabara nako hufunga maji chupani, huyaweka gizani siku 5 kwa joto la digrii 20, kisha hupima hewa iliyotumika. Kanuni za Kenya za mwaka 2006 zilisema kwamba, kwa kipimo hiki, maji taka yanayomwagwa mtoni yasizidi miligramu 30 kwa lita.

Kipimo kingine ni cha kijidudu kiitwacho E. coli, ambacho huishi matumboni mwa watu na wanyama. Kikionekana majini, ni alama kwamba kinyesi kimeingia, na huenda kipindupindu au homa ya matumbo ikafuata. Kanuni zile zile zilitaka chanzo cha maji ya nyumbani kisiwe na hata kimoja katika mililita 100.

Msomaji, usidanganyike kwa macho. Maji maangavu yaweza kuwa na vijidudu maelfu. Tena, kuchemsha huua vijidudu, lakini hakuondoi risasi wala madini mengine yenye sumu. Mama anunuaye sukuma wiki iliyomwagiliwa maji ya mto wa mjini aweza kuiosha na kuipika vizuri, na sumu iliyokwisha ingia ndani ya majani isitoke. Hapo hakuna mpishi awezaye kumwokoa mtoto wake. Dawa ni kuzuia uchafu huko utokako.

Wako watu wamwagao uchafu usiku, na mpimaji ajaye mchana asione kitu. Lakini wadudu wa majini wamo usiku na mchana. Inua mawe taratibu utazame chini yake. Ukikuta wadudu wa aina nyingi, mto una uhai. Ukikuta vijinyoo vyekundu tu, ambavyo huvumilia upungufu wa hewa, ujue kwamba mto umeumizwa, hata kama leo maji yaonekana mazuri. Ukimaliza, nawa mikono kwa sabuni.

Kazi hii yaweza kufanywa na shule au chama cha wakulima, mradi wapime kila mwezi, mahali pale pale, kwa njia ile ile, na kuandika kila mara. Daftari la mwaka mzima likiwekwa mezani kwa afisa wa mazingira lina nguvu kuliko malalamiko mengi, kwa kuwa linaonyesha mahali, siku na kiasi. Asiyeandika, mwakani ataanza upya.