Somo la Mwezi: Kuijua Kansa na Matibabu Yake

Mwezi huu tujifunze jambo ambalo wengi wetu hulisema kwa kunong'ona.

Tulimsindikiza hospitali dada yetu mkubwa, mkazi wa huku mteremkoni Meru. Majibu yalipotoka tuliambiwa sisi jamaa, naye tukamwambia ana kidonda cha tumbo. Wiki tatu akanywa mitishamba. Tulikosa, na jambo hili linatuuma hadi leo. Mwisho aliuliza mwenyewe: "Mdogo wangu, kidonda gani hiki mnachokililia jikoni?"

Ilikuwa kansa ya mlango wa kizazi, ambayo ndiyo inayowapata wanawake wengi zaidi nchini mwetu. Hujulikana kwa hakika pale daktari anapochukua kipande kidogo cha nyama kikatazamwe kwa darubini. Kisha huja vipimo vingine vya kuonyesha imefika wapi. Hapo mgonjwa husikia neno "hatua", kuanzia ya 1, ambapo bado iko mahali pake, hadi ya 4, ambapo imeenea mbali. Dada yetu aliposikia "hatua ya 2" alidhani amebakiza miezi miwili! Sivyo. Namba hiyo humsaidia daktari kuchagua matibabu.

Kwake yeye yalipangwa hivi: mionzi Jumatatu hadi Ijumaa, kwa wiki 5 hivi, pamoja na dawa ya kansa kwa dripu mara moja kwa wiki, halafu mionzi ya ndani. Mionzi ya nje haiumi wakati wa kupigwa. Mtu hulala chini ya mashine dakika chache, kama anayepigwa picha. Uchovu na kuharisha huja baadaye. Damu hupimwa kwanza, maana ikipungua huenda akahitaji kuongezewa.

KCMC kule Moshi ina kituo cha kansa tangu mwaka 2016, lakini yeye alipewa barua ya kwenda Ocean Road, Dar es Salaam. Basi ulizeni mapema: atalala wapi wiki zote hizo? Gharama ni kiasi gani, na bima italipa zipi? Tunajua watu waliouza shamba kabla ya kuuliza.

Tulimnunulia daftari, kama tulivyozoea darasani, akaandika maswali yake. La kwanza lilikuwa zito: "Matibabu haya ni ya kuniponya, au ya kunipunguzia maumivu tu?" Sisi tulitazama sakafu. Daktari akamjibu yeye, si sisi, kwamba nia ni kuponya, ingawa hawezi kuahidi. Akaandika jibu taratibu, akapiga mstari chini yake.

Swali la mwisho lilikuwa nani atakamua ng'ombe. Daktari alicheka, akatugeuzia sisi daftari.