SOMO: PUMZI NA MIDOMO KABLA YA TARUMBETA

Somo hili tumelitayarisha kwa ajili ya vijana wa fanfari, lakini tunawaomba wazazi nao walisome.

Sisi tuliotoka Kongo tumezijua fanfari za Wakimbangu na bendi za Jeshi la Wokovu, lililoanza kazi Kongo mwaka 1934 na Rwanda mwaka 1995. Anayewatazama wapigaji huona mashavu tu. Kazi yenyewe iko chini, tumboni.

Kwetu tarumbeta moja hupigwa na vijana watatu. Kila mmoja akiipata hukimbilia sauti za juu, akiogopa zamu yake kwisha. Baada ya dakika 10 midomo imechoka na kuvimba, na siku ya mazishi, tunapomhitaji, sauti haitoki. Basi anayengoja zamu asikae bure, kwa maana sehemu kubwa ya maandalizi haihitaji chombo.

Lala chali, weka kitabu cha nyimbo juu ya tumbo. Vuta hewa polepole: kitabu kiinuke, mabega yatulie. Kinachofanya kazi ni kiwambo, yaani msuli ulio chini ya mapafu. Ukishuka, mapafu hupata nafasi ya kujaa. Kisha simama. Vuta kwa hesabu ya 4, toa kwa "sss" hesabu ya 8, bila kukatika. Ukizoea, fika 12. Ukisikia kizunguzungu, kaa chini, pumua kawaida. Wazazi, kijana asiyekula tangu jana asitumwe mazoezini. Apate kwanza hata uji.

Halafu funga midomo, ipulize itetemeke kama mtoto anayeiga pikipiki. Dakika 2 zatosha.

Sasa chombo. Asubuhi huku Busasamana, juu kuliko Gisenyi, ni baridi, na hewa baridi ndani ya bomba hushusha sauti. Anayelinganisha sauti kabla ya kupasha chombo moto, wimbo wa pili atajikuta yuko juu ya wenzake. Kwa hiyo puliza kwanza pumzi ya moto bila kutoa mlio, huku mikono imeikumbatia tarumbeta, ndipo ulinganishe. Msiiweke juu ya mbabula, jamani! Makaa huweza kuyeyusha lehemu kwenye maungio, na hapa fundi wa kuirudisha tutamtoa wapi?

Anza na sauti ndefu za chini na za katikati, taratibu. Ukipiga kwa hesabu ya 8, pumzika kwa 8. Midomo ikiuma, acha, mpe mwenzako.

Kabla ya kumpa, kile kipande cha mdomoni kioshwe kwa maji na sabuni, kila zamu, siyo kupangusa kwa shati. Mwenye kikohozi asipulize chombo cha wote. Kikizidi majuma mawili, aende kwenye zahanati apimwe.