Waya wa Taa ya Chisense: Usitie Risasi Kwenye Ncha

Mvuvi mmoja kutoka Kilwa, ng'ambo ya Kongo, alivuka Ziwa Mweru na kuja kwangu Nchelenge akiwa amekasirika. Taa yake ya LED ilikuwa inapepesa usiku, na chisense, dagaa wanaofuata mwanga, hawana subira: mwanga ukikatika, wanatawanyika. "Fundi, betri ni mpya kabisa," aliniambia. Nilimwamini. Nikafungua bodi ya taa hiyo, iliyotengenezwa na fundi mwingine, nikakuta plastiki ya kibanio cha skrubu imeungua hadi rangi ya chai.

Nieleze hatua kwa hatua. Kwanza ampea: bodi ya wati 36 kwenye betri ya volti 12 inavuta ampea 3. Soketi za duara kama za chaja siziweki mtumbwini. Plagi ya milimita 2.5 huingia kwenye pini ya 2.1, ila inacheza, na wimbi moja linatosha kuzima taa. Natumia XT60, ile plagi ya njano: inashika, na haiingii kinyume. Fyuzi ikae karibu na betri, hilo mnalijua.

Pili, waya. Kuna muuzaji sokoni Kashikishi aliyeniapia kwamba waya wake ni shaba tupu. Nilikwangua kwa kisu mbele yake: ndani mweupe! Alumini iliyopakwa shaba. Akanipunguzia bei, kana kwamba bei ndiyo iliyokuwa shida. Waya wa namna hiyo wa milimita mraba 0.5, urefu wa mita 6 kwenda na 6 kurudi, unakula karibu volti 2 kwa ampea 3. Shaba halisi ya 1.5 haifikishi hata nusu volti.

Hatua ya tatu ndiyo iliyomuumiza yule mvuvi. Fundi wake alizitia risasi ncha za waya ndipo akazibana kwa skrubu. Zinapendeza, lakini risasi ni laini: ikibanwa inazidi kubonyea polepole, skrubu inalegea, mguso unapata joto, plastiki inaungua. Nilikata ncha zile, nikamenya upya, nikasokota nyuzi kavu, nikazikunja mara mbili ili skrubu ipate kitu cha kuuma, nikabana. Kesho yake nikakaza tena, kwa sababu nyuzi mpya hujipanga. Kisha nikaufunga waya kwenye boksi la taa, ili ukivutwa, mzigo usifike kwenye skrubu.

Risasi ni ya kulehemu XT60. Kwenye skrubu haina kazi. Na waya wowote, ukwangue kabla hujatoa kwacha yako.