Namba Nyuma ya Inhela

Mama wa huko Columbus,

Nimesoma barua yako mara mbili, na mara zote nimekwama palepale: namba nyuma ya inhela ya pumu ya mwanao inasoma 014, nawe badala ya kumpulizia mara mbili asubuhi na mbili jioni, umeanza kumpa moja moja ili isogee. Dada yangu, usiendelee hivyo. Inhela hiyo inapunguza uvimbe ndani ya njia za hewa, polepole, siku hadi siku. Ukiibana, leo hutaona kitu. Mtoto atacheza, atakula, hadi mafua yamkute hana kinga. Ile nyingine ya buluu, ya dharura, hufungua kifua kwa saa chache tu, uvimbe unabaki.

Kwa kipimo cha daktari, 014 ni siku tatu na nusu. Piga simu kliniki leo, uwaambie hivyo hivyo. Waombe dawa inayofanana iliyo kwenye orodha ya bima yako. Huenda hukukosea popote: Januari 2024 kampuni ya GSK iliacha kuuza Flovent, kama ya mwanao, Marekani kwa jina hilo. Dawa ileile ikabaki bila jina la biashara, na bima kadhaa hazikuiweka kwenye orodha zao.

Sasa barua ya bima ya kukukatalia dawa. "Haimo kwenye orodha" si sawa na "mtoto haihitaji." Una siku 180 za kukata rufaa. Daktari aeleze kwa maandishi kwa nini nyingine hazimfai, na aombe rufaa ya dharura, ambayo hujibiwa ndani ya saa 72. Wakikataa tena, omba mapitio ya nje ya bima. Uamuzi wa huko bima haiwezi kuukaidi. Dai mkalimani wa Kiswahili, hulipi, na uandike jina la kila uliyeongea naye.

Kuhusu bei, kampuni za AstraZeneca, Boehringer Ingelheim na GSK zimeweka kikomo cha dola 35 kwa mwezi kwa baadhi ya inhela zao, hata kwa wenye bima ya kazini kama yako. Muulize daktari kama mojawapo inamfaa mwanao.

Umeandika kwamba uliona aibu pale kwenye dirisha la duka la dawa, foleni nyuma yako ikisikia bei. Aibu hiyo si yako, mama.

Na usiku, ukiona ngozi inazama katikati ya mbavu, au anashindwa kumaliza sentensi, mpe ile ya buluu na upige 911 papo hapo. Bili ikija, niandikie tena.